Vikombe vya Tunu na Tunu

Katika Nyumba ya Jaribio hatuna miezi. Tuna siku ishirini na nane, na ya ishirini na nane ikishapita tunaamkia ya kwanza. Nani aliamua hivyo sijui. Nilipofika niliuliza huu ni mwaka gani, nikaambiwa ni siku ya tano, nikaona jibu linatosha. Kila asubuhi wagonjwa wanakunywa dawa, siku ya ishirini na sita damu inapimwa, kisha tunaanza upya, na kwa namna hiyo mtu anaweza kuwa na siku za kwanza nyingi kuliko miaka yake ya kuishi. Nimeona walioingia vijana wakazeeka katika wiki mbili. Nimeona mzee aliyeingia na mkongojo akausahau mlangoni akitoka. Umri humu ni nguo ya kuazima, na watu wanaazimana bila kuulizana.

Mimi ni mgawa vikombe. Naitwa Machano, na sitaki mtu aniite daktari, ingawa wageni wananiita hivyo wakiona koti jeupe. Kazi yangu ni kupanga vikombe vidogo kwenye sinia, kila kikombe na vidonge vyake, na kumwita mwenyewe aje anywe mbele yangu. Sheria inasema niite namba na nitazame utepe wa mkononi. Sikuwahi kuita namba. Niliona ni utovu wa adabu kumwita mtu mzima, aliyezaa au kuzika, kama anaitwa gunia. Niliandika majina kwenye vikombe kwa mwandiko wangu mzuri wa kizamani na nikaita majina, na watu walinipenda kwa hilo, na mimi nilijipenda zaidi. Nasema mapema kwamba kosa lote ninalolisimulia hapa lilianzia kwenye wema wangu, na wema unaojipenda ndio ninaouogopa leo kuliko kitu kingine chochote humu ndani.

Kila mgeni alipoingia, Daktari Raya alimkalisha kwenye kiti cha mbao, akamwambia maneno yaleyale kwa sauti ileile ya chini, kama anamwambia peke yake.

"Damu yako ni mji," alikuwa akisema. "Ndani ya mifupa, kwenye uboho, kila siku wanazaliwa askari weupe wa kuulinda. Kwako wewe wanazaliwa lakini hawakui. Wanabaki wachanga, hawajui kulinda, wanajaza njia mpaka wengine hawapiti. Huko ulikotoka waliwapiga kwa dawa moja, wakapungua, kisha wakarudi. Waliorudi wameshaizoea. Sasa tunajaribu kuwaendea kwa dawa tatu pamoja, mseto, kila moja na mlango wake. Nusu yenu mtakunywa mseto. Nusu mtaendelea na ile moja. Tutalinganisha."

"Na huo mseto unaponya?" mgeni huuliza.

"Hatujui," Daktari Raya hujibu. "Tungejua, tusingejaribu."

Nilimpenda kwa neno hilo. Watu wengi wenye koti jeupe hawana neno hilo kinywani.

Nani anywe mseto na nani asinywe, hakupanga yeye. Alipanga Meza. Meza iko chumba cha mwisho, ni meza tupu, hakuna kiti nyuma yake wala mtu, ila ukisimama mbele yake karatasi inatoka kwenye upenyo, imeandikwa namba yako na kundi lako. Karatasi zote zinaanza kwa maneno haya: *Umepangiwa kwa bahati nasibu.* Wengi walidhani wameshinda kitu. Mwanamke mmoja wa makamo alipiga kigelegele palepale mbele ya Meza, akauliza zawadi inatolewa wapi. Huyo ndiye Tunu.

Alikuwa muoka mikate. Mikono yake ilikuwa imezoea moto, na kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, alikuwa na kovu refu la mlango wa tanuri. Meza ilimpa namba thelathini na moja, na kundi la mseto. Nilimfunga utepe mwenyewe, nikaupitisha juu ya lile kovu, naye akacheka akasema mseto kwao ni wali na choroko, angependa uwe na nazi. Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mwingine, kijana, karani wa posta, mwembamba kama fimbo. Huyo alipata thelathini na mbili, na dawa ile moja ya zamani. Nikamuuliza jina. Akasema, "Tunu."

Muoka mikate akageuka. "Wee! Somo yangu!"

Na kwisha. Mnajua mambo ya masomo. Watu wawili wa jina moja wakikutana mahali pa shida, hakuna atakayewatenganisha tena, maana kila mmoja akimtazama mwenzake anaona yeye mwenyewe angekuwa nani kama angezaliwa nyumba nyingine. Tunu Mkubwa, yule muoka mikate, alikuwa amekuja na doti moja ya kanga. Aliikata katikati papo hapo kwa meno na mikono, akampa somo yake kipande kimoja, naye akajifunga kingine. Waliomba vitanda vya jirani. Walikula sahani moja. Nywele zilipoanguka zilianguka za wote wawili wiki moja, na chini ya barakoa na kanga ya rangi moja, mtu akipita mlangoni haraka asingejua yupi ana miaka sitini na yupi ana thelathini na nne.

Nikiita "Tunu!" mmoja aliinuka. Nikiita tena "Tunu!" akainuka wa pili. Sikutazama utepe. Nilijiambia mimi nawajua watu wangu.

*

Hapa nataka kusimama kidogo. Nimekaa na watu wanaokufa taratibu kwa muda mrefu, na swali langu halijawahi kuwa kwa nini wanakufa. Swali langu ni nani ana haki ya kumgawa mtu. Meza inagawa. Ugonjwa unagawa. Mimi nagawa, kwa sinia. Mama anagawa mkate kwa watoto watano na hakuna anayemuuliza kwa mizani gani. Lakini mapenzi hayajui kugawa. Mapenzi yakipewa visu viwili yatakata kila kitu katikati, hata kile ambacho nusu yake si kitu. Na mimi nilikuwa nimeyapa mapenzi visu viwili, nikayaita heshima.

*

Kama katikati ya mzunguko nilianza kuona mambo. Tunu Mdogo alinisimulia jinsi unga unavyojua kwamba mvua inakuja, unga hukataa kuumuka, akasema, na akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza tanuri. Kesho yake Tunu Mkubwa alinieleza barua zinavyopangwa kwa mitaa, na kwamba barua isiyo na jina la mtaa mwandishi wake huwa ama ana haraka ama ana huzuni. Niliwauliza nani alikuwa posta na nani alikuwa tanurini. Wakatazamana, wakacheka, wakaniambia nisijisumbue. Nikadhani ndiyo kawaida ya nyumba hii, watu kuazimana maisha. Nilifurahi hata.

Siku ya ishirini na sita, Daktari Raya alinijia stoo ya dawa na karatasi mbili mkononi. Sikuwahi kumwona akitembea haraka hivyo.

"Machano, tazama. Thelathini na moja, mseto. Askari wachanga wamepungua nusu."

"Alhamdulillahi."

"Sasa tazama hii. Thelathini na mbili, dawa ya zamani peke yake. Nusu! Nusu vilevile!" Macho yake yalikuwa yamelowa. "Dawa ambayo hakuna aliyeitarajia tena. Kama ndivyo, mseto hauna kazi, tunawatesa watu bure kwa vidonge vitatu. Naandika leo."

"Subiri kesho, Daktari," nilimwambia.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimekumbuka zile habari za unga na barua. Nilisema tu mwandiko wangu umechoka, sijamaliza kujaza daftari la vikombe, na yeye, kwa kuwa ananiamini, akasubiri.

Asubuhi ya siku ya ishirini na saba niliita "Tunu!" na kwa mara ya kwanza nilitazama mkono. Kikombe kilikuwa cha vidonge vitatu. Aliyekuja kukipokea alikuwa na namba thelathini na mbili kwenye utepe.

Wa pili akaja, mwenye kovu. Akanywa kidonge kimoja, akanirudishia kikombe na kusema ahsante.

*

Niliwafuata kwenye benchi la uani, walikokuwa wamekaa wanamenya chungwa moja.

"Kaa, Bwana Machano," Tunu Mkubwa alisema. Alijua. "Kaa, usisimame kama mdai."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," alisema Tunu Mdogo. "Yeye alitaka nile vyote vyake. Kila siku. Nikamwambia hilo halitakuwa."

"Mie nile vitatu, yeye ale kimoja, na sote jina moja?" Tunu Mkubwa alinitazama kama mimi ndiye mwenye wazimu. "Nitamtazamaje usoni? Nimeshaoka mikate yangu, Bwana Machano. Huyu hata tanuri hajaliwasha."

"Basi tukasuluhishana," alisema Mdogo. "Siku witiri nakula mie mseto. Siku shufwa anakula yeye. Ishirini na nane inagawika vizuri, tumeshapiga hesabu."

Nilitaka kukasirika. Walikuwa wamekaa mbele yangu na vipande vyao vya kanga, wakigawana chungwa, na mbegu moja ilibaki, nao wakasita nani aitupe. Nilishindwa kukasirika. Nililia, mzee mzima, na wao wakanipa pande la chungwa.

"Mnajua mmefanya nini?" niliuliza nilipoweza. "Daktari anataka kuandika kwamba mseto haufai kitu. Ataamini. Wakija watu kesho, watapewa kidonge kimoja, na watakufa kwa sababu ninyi mlipendana."

 Tunu Mdogo alishika utepe wake akawa anauzungusha mkononi.

"Usimwambie," alisema Tunu Mkubwa, taratibu. "Akijua atatutenga. Na mie najua atanipa nini, na atampa nini huyu."

*

Mchana kutwa nilizunguka ua. Nikisema, kijana wa posta anarudishwa kwenye kidonge kimoja, na kidonge kimoja tulishaona mwisho wake kwa wengine. Nikinyamaza, wote wawili wanaendelea kula nusu, na nusu haimalizi kazi, inawafundisha tu askari wachanga kuzoea mseto pia, na kitabu kinaandikwa uongo kwa mwandiko mzuri. Jina linapenda. Jina linakumbatia. Lakini jina lilinidanganya siku ishirini na saba bila kupepesa jicho. Na namba, ile namba niliyoidharau, haikumpenda yeyote na haikumwongopea yeyote. Nilikuwa nimemaliza umri wangu nikiamini ukweli na huruma wanalala chumba kimoja. Siku ile niliwaona kila mmoja na mlango wake, na mimi sina zaidi ya miguu miwili.

Nilimwambia. Daktari Raya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani.

"Ningeandika," alisema. "Leo hii ningeandika." Halafu akauliza, "Walikuwa wanagawana kwa zamu?"

"Siku moja moja."

"Jamani," alisema. Akafunika uso.

Meza ilitoa karatasi kabla hatujaiuliza. *Mzunguko huu usihesabiwe. Warudi kwenye namba zao, au watoke. Namba zithibitishwe.*

Tuliwaita. Walikuja mikono mitupu: walikuwa wamekata tepe zote mbili na kuzitia kwenye maji ya kufulia, na Daktari Raya hakuwaona sura tena tangu alipowakalisha kitini, kabla ya barakoa, alijua karatasi za damu yao tu.

"Nataka kuwabakisha," aliwaambia. "Mkitoka sina dawa yoyote ya kuwapa. Niambieni tu. Nani ni thelathini na mbili?"

"Mie," alisema Tunu Mkubwa.

"Mie," alisema Tunu Mdogo.

Niliwahi kusikia watu wakigombania kilicho bora. Sikuwahi kusikia wawili wakigombania kikombe kisichoponya. Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akanigeukia mimi.

"Machano, wewe ndiye uliyewafunga."

Tunu Mkubwa alikuwa ameshusha kanga mpaka vidoleni ili kufunika kovu. Alinitazama, na macho yake hayakuniomba, yaliniamuru. Na Tunu Mdogo pia alinitazama, na nilichokiona machoni mwake ndicho kilichonifungua kinywa: alikuwa ananitaka niseme. Alikuwa amechoka kumwona somo yake akijinyima. Alikuwa na miaka thelathini na nne na aliutaka uzima, nani hautaki, ila hakuutaka huu wa kunyang'anya.

"Mwenye kovu la tanuri," nilisema, "ni thelathini na moja."

Tunu Mkubwa hakunisemesha tena.

*

Siku ya kwanza ikarudi, kama inavyorudi. Nilisimama na sinia. Sikuandika jina kwenye kikombe chochote. Niliita, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine:

"Thelathini na moja."

Hakuna aliyeinuka. Watu hamsini na wanane wengine walinitazama na kungoja. Niliita tena. Tunu Mkubwa alikuwa amekaa kitandani, mikono amekunja, amegeukia ukuta.

Aliyeinuka ni Tunu Mdogo. Alikuja kwangu, akachukua kile kikombe cha vidonge vitatu, akachukua na maji, akaenda nacho mpaka kitandani. Nilitazama utepe mpya, nilitazama namba, nilifungua mdomo nimzuie. Akakaa, akamgeuza somo yake kwa bega, akatia kidonge cha kwanza kwenye kiganja, akakipeleka kinywani mwa mwenzake kwa vidole vyake.

"Meza, somo."

"Sitaki."

"Utake usitake. Mie sikuweza kukuchagulia bahati, nakuchagulia kumeza. Kunywa maji. Haya, cha pili."

Akala cha pili. Cha tatu alikimeza analia, na maji yalimmwagikia kwenye kanga. Kisha Tunu Mkubwa alinyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa kikombe cha thelathini na mbili, na yeye akamlisha somo yake kidonge kile kimoja, polepole, kama kina miiba.

Wakalishana hivyo kila asubuhi. Sheria inasema nishuhudie kila mtu akinywa cha kwake, na kila mtu alikunywa cha kwake. Niliandika hivyo kwenye daftari na haikuwa uongo.

Siku shufwa zilizidi kumpunguza Tunu Mdogo, na siku witiri pia. Alirudia kuwa karani wa posta tu, habari za unga zikamtoka, akawa hakumbuki tanuri kabisa. Siku moja aliniita.

"Bwana Machano, hicho kidonge changu kimoja kina kazi gani?"

"Bila chako," nilimwambia, "vitatu vyake havina maana. Tutajuaje kama vinafaa, kama hakuna wa kulinganisha?"

Alifikiri. "Kumbe mie ndiye anwani," alisema. "Yeye ni barua." Na akaona jambo hilo zuri, akamweleza somo yake mara mbili. Mimi silioni zuri mpaka leo. Alituacha siku ya kumi na moja, sijui ya mzunguko wa ngapi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa muoka mikate, na vipande viwili vya kanga vimeunganishwa tena juu yake.

Daktari Raya alimaliza kuandika. Aliandika pia ule mzunguko usiohesabiwa, na kosa langu, na jina langu, kwa sababu nilimwomba. Waliokunywa mseto, askari wao wengi walikubali kukua. Waliokunywa kidonge kimoja, wachache. Maneno ni hayo tu, mstari mmoja na nusu. Meza haikuwa na cha kugawa tena, ikaondolewa chumba cha mwisho, ukabaki mraba mweupe sakafuni, na watu wakawa wanauzunguka bila kujua kwa nini.

Tunu Mkubwa aliota nywele. Zilikuja nyeusi, na yeye zilimtia haya. Aliporuhusiwa hakuondoka. Anaoka mikate jikoni kwetu, na asubuhi hukaa karibu na wageni wanaoogopa.

Juzi, siku ya kwanza, alikuja fundi wa malori, mtu mzima mwenye mikono mikubwa, ugonjwa umemrudia mara ya pili. Alikishika kikombe cha vidonge vitatu, akawa hanywi. Aliyatazama makoti yetu, akatazama mlango. Alikuwa amesikia huko nje kwamba hapa watu hupigiwa kura.

"Mama," alimwuliza Tunu, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. "Niambie kweli. Mie nimeangukia kundi gani?"

Tunu alikitazama kikombe muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake chini ya mkono wa yule mtu, akauinua taratibu mpaka kinywani.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Hakuna makundi tena."